Usiku mmoja Narita na paspoti ya Tanzania: nilale uwanjani au niingie mjini?

Binti Pangani (mleta mada)

Wakuu habari za mihangaiko. Nimepekua nyuzi za safari humu sijaona unaonigusa moja kwa moja, kwa hiyo msinipige mawe kama mada ilishaletwa.

Naishi Los Angeles, kazi yangu ni uuguzi, upande wa wakunga. Katikati ya Septemba naenda Bangkok kukutana na dada yangu anayetokea Dar. Ana duka la nguo Kariakoo, na safari hii anataka mtu wa kumshika mkono kule sokoni. Tiketi za bei ya kueleweka nilizopata ni mbili mbalimbali: moja Los Angeles kwenda Narita, nyingine Narita kwenda Bangkok, na mashirika si yale yale. Natua Narita saa 9:10, naondoka saa 3:40. Paspoti yangu ni ya Tanzania, ila Marekani nina kadi ya ukaazi wa kudumu.

Ninachouliza: nikae humo humo uwanjani mpaka ndege yangu, au nitoke nikaione Tokyo? Nimekaa Marekani miaka tisa na Japani nimeiona kwenye Noah na Vitz tu. Wajuzi njooni.

Msee wa Eldy

Sista, 9:10 mpaka 3:40 ni masaa sita na nusu. Toa foleni, toa muda wa kukaguliwa, unabaki na nini? Kaa hapo ndani, kunywa chai, chaji simu. Usijitese.

Kijiwe Nongwa

Nimeweka kiti hapa nasubiri picha za sushi.

Theluji ya Sapporo

Msee, umesoma saa ya kizungu. Dada ameandika saa za kwetu: saa tisa na dakika kumi alasiri mpaka saa tatu na dakika arobaini asubuhi ya kesho yake. Hizo ni saa kumi na nane na nusu, usiku mzima umo ndani.

Na hapa niwape kitu kilichonifurahisha mwaka wangu wa kwanza huku. Japani iko mbele ya Tanzania na Kenya kwa saa sita kamili. Saa yetu ya Kiswahili nayo inapishana na ya kizungu kwa sita. Kwa hiyo mama yangu Moshi akisema "sasa hivi ni saa tatu asubuhi", saa ya ukutani kwangu inaonyesha 3, ya mchana. Ukimpigia mtu nyumbani huna hesabu ya kufanya, namba ni ile ile. Zaidi ya miaka mitatu sijawahi kumwamsha mama usiku kwa bahati mbaya.

Lakini ukijaza fomu yoyote ya safari andika 15:10 na 09:40. Hapo Kiswahili kiweke pembeni.

Msee wa Eldy

Haiya. Nimekubali makosa. Nimekaa Minnesota mpaka nimesahau saa za nyanya yangu. Sasa kama ni usiku mzima, hiyo ni stori ingine kabisa na nina kitu ya kusema, ngoja nitoke shifti.

Mzee wa Mizigo

Binti, mimi nimeingia Japani mara nne kwa shughuli za magari, Yokohama na Nagoya. Nikwambie kabla hujaanza kuota Tokyo: hujauliza swali la kwanza. Swali la kwanza ni begi lako.

Ukiwa na tiketi moja inayokufikisha Bangkok, begi linapitilizwa, wewe unafuata alama za kuunganisha ndege, unakaguliwa tena, unakaa upande wa ndani. Hapo hujaingia Japani na hakuna atakayekudai viza. Wewe una tiketi mbili za mashirika mawili. Begi litatolewa kwenye mkanda wa Narita, na ule mkanda uko NG'AMBO ya uhamiaji. Ili ulifikie lazima upigwe muhuri wa kuingia, na kwa paspoti yetu kuingia Japani ni viza. Hata usipotaka kuona hata mti mmoja wa Tokyo, begi lako linataka viza.

Njia ya kuikwepa ni kusafiri na mkoba wa mkononi peke yake, tena shirika la pili likubali kukupa kadi ya kupandia kwenye dawati la transiti upande wa ndani. Mengine yanakubali, mengine hayataki hata kusikia, hasa haya ya bei poa. Waandikie, wakujibu kwa maandishi, utembee na jibu lao.

Na tatizo lenyewe halitakukutia Narita. Litakukutia Los Angeles kaunta, kwa yule kijana anayetazama paspoti na kuuliza "viza ya Japani iko wapi?" Shirika likikupeleka ukakataliwa ni wao watakaokurudisha kwa gharama zao, ndiyo maana hawana huruma.

Msee wa Eldy

Hiyo ndiyo nilikuwa nakuja kusema. Mimi nilichomeka hivyo hivyo. Tiketi ilikuwa moja, bei tamu, sikuangalia vizuri: inashuka Narita, inatoka Haneda asubuhi. Kwa kichwa yangu Tokyo ni Tokyo. Kumbe ni viwanja viwili, kimoja kiko Chiba zaidi ya kilomita sitini kutoka katikati ya mji, kingine kiko Tokyo kwenyewe kando ya bahari. Kutoka kimoja kwenda kingine ni basi la zaidi ya saa moja, na huwezi panda hilo basi bila kuingia nchi. Wakanikataa kaunta, paspoti ya Kenya, sina viza. Shirika silitaji, na kusema ukweli walikuwa sawa. Ile tiketi ilikufa, nikanunua ingine ya kupitia Seoul siku ya pili, na bibi yangu bado ananikumbusha.

Mtoto wa Kivu

Jambo yenu wote. Munaniogopesha sasa. Miye niko Canada, Montreal, paspoti ni ya Congo. Nimenunua tiketi ya Manila, mwezi wa kumi na moja, na inaandika NRT kisha HND, kumbe ni Narita kisha Haneda. Nilifikiri ni herufi tu ya mlango! Naweza fanya nini? Watu wameniambia kuko kibali cha saa 72 wanapana pale pale.

Mzee wa Mizigo

Hicho kibali kipo kwenye sheria yao ya uhamiaji: abiria anayepita anaweza kuruhusiwa kushuka, kisichozidi saa 72, na ni shirika la ndege linalokuombea. Ila sikiliza neno "anaweza". Uamuzi ni wa afisa aliyeko dirishani usiku huo, na kwanza ufike kwake, wakati aliyeko kaunta Montreal ndiye mwenye mlango. Mimi kwa paspoti ya Congo au ya Tanzania nisingejenga safari juu ya "anaweza".

Theluji ya Sapporo

Binti Pangani na Mtoto wa Kivu, kadi zenu za ukaazi ndizo zitakazowaokoa, wala si hicho kibali. Japani ina viza ya mtandaoni ya matembezi mafupi, ya kuingia mara moja, na haiangalii uraia tu, inaangalia na unakoishi kihalali. Marekani imo, Kanada imo, Uingereza imo, Falme za Kiarabu imo. Mnaomba mkiwa nyumbani, mnapandisha nyaraka, na mkiitwa ubalozini kwa maswali mnaenda.

Kuna mtego mmoja watu wanaanguka. Hiyo viza haibandikwi kwenye paspoti. Ni ukurasa unaoufungua kwenye simu ukiwa hewani, mbele ya mtu wa kaunta na baadaye mbele ya uhamiaji. Picha ya skrini hawapokei. Karatasi uliyochapa nyumbani hawapokei. Kwa hiyo siku hiyo simu iwe na chaji na uwe na intaneti. Narita kuna waifai ya bure, hapo hutapata shida, shida itakuwa Los Angeles ukiwa na asilimia mbili za betri.

Walioko Dar na Nairobi hii njia haiwahusu, wao ni ubalozini na karatasi zao, kwa hiyo dada yako asije akadanganyika akasema naye apitie huko.

Binti Pangani

Kwanza asanteni, nilikuja kuuliza habari za matembezi nimegundua nilikuwa naelekea kukosa ndege. Nimesoma masharti ya viza hiyo, naona nakidhi. Naomba wiki hii.

Begi siwezi kuliacha, dada kaniagiza vitu vya watoto. Kwa hiyo naingia. Hoteli nilishalipia tangu juzi, Jumanne usiku, karibu na uwanja. Natoka Los Angeles Jumanne saa tano na nusu asubuhi.

Theluji ya Sapporo

Dada. Unatoka Jumanne asubuhi, unaruka karibu saa kumi na mbili, unavuka mstari wa tarehe katikati ya Pasifiki. Unatua JUMATANO saa tisa alasiri. Chumba chako cha Jumanne kitalala peke yake.

Binti Pangani

Mungu wangu.

Kijiwe Nongwa

Hahahaha na bado hujala sushi.

Binti Pangani

Nimefuta, kwa bahati ilikuwa ya kurudishiwa pesa. Nimebaki nacheka peke yangu kwenye maegesho ya kazini. Haya, nifundisheni sasa: Jumatano saa tisa alasiri mpaka Alhamisi saa tatu na dakika arobaini. Nifanye nini?

Mzee wa Mizigo

Ungekuwa unashukia Haneda ningekwambia ingia mjini bila kufikiri mara mbili. Haneda iko kama kilomita kumi na tano tu kutoka katikati, kuna reli inayopita juu ya maji, ile ya 1964 ya Olimpiki, na treni nyingine ya Keikyu, zote ni nauli ya shilingi za mandazi ukilinganisha na Narita. Na Haneda hailali, ndege zinatua usiku kucha. Mara yangu ya kwanza kutoka Dubai niliingia pale karibu saa tano usiku, nikajisemea niende Yokohama hivyo hivyo. Mwenyeji wangu akanipigia: kaa hapo, ukikwama njiani baada ya saa sita treni hakuna mpaka alfajiri. Nikalala benchi la ghorofa ya juu, teminali ya 3, karibu na kile kidaraja cha mbao walichojenga mfano wa Nihonbashi ya kale. Pasafi kuliko sebule yangu. Siku hizi wameongeza jumba zima limeungana na teminali, lina hoteli na bafu la maji ya moto la kuogea huku unatazama ndege, lilifunguliwa mwanzoni mwa 2023.

Halafu Haneda kuna hoteli nyingine ina vyumba UPANDE WA NDANI kabisa, kabla ya uhamiaji. Yule asiye na viza mwenye tiketi moja na begi linalopitilizwa analala kitandani bila kuingia Japani. Mtoto wa Kivu, ukiweza kubadilisha tiketi yako iwe Haneda kwa Haneda, matatizo yako yote yamekwisha.

Narita ni shamba. Naipenda, lakini ni shamba. Ndege haziruhusiwi kuruka wala kutua katikati ya usiku kwa sababu ya makelele kwa wanakijiji, na kile kiwanja kilizaliwa kwa ugomvi na wakulima, watu walikufa kabla hakijafunguliwa 1978. Kwa hiyo usiku pale panazima. Maduka yanafunga, taa zinapunguzwa, unabaki wewe na mashine za vinywaji.

Kichekesho kimoja nje ya mada: safari ya kwanza nilitazamia kuona IST kila kona ya Tokyo. Hakuna! Zote ziko Sinza.

Theluji ya Sapporo

Nilipokuja na skolashipu nililala teminali ya 2 ya Narita, upande wa nje, kwa kuwa ndege ya Sapporo ilikuwa asubuhi. Inawezekana kulala pale, hawakufukuzi. Kama saa saba usiku mlinzi alikuja, akainama, akaomba paspoti na tiketi, akaandika kitu, akainama tena akaenda. Mwanzoni niliogopa, kumbe anapita kwa kila mtu. Huku mgeni anatakiwa kisheria kutembea na paspoti muda wote, kwa hiyo usiifungie kwenye loka na begi.

Ila dada, saa kumi na mbili za ndege na benchi juu yake, halafu ukabebe marobota Bangkok? Lipia kitanda. Mkabala na teminali ya 2, chini ya jengo la maegesho, kuna hoteli ya kapsuli inaitwa Nine Hours. Wanawake na wanaume pande tofauti, hata milango ya kuingilia. Unapewa nguo za kulalia, taulo, kandambili, unaoga, unaingia kwenye kishimo chako kama nyuki. Hakuna mlango wa kufunga, ni pazia tu la kushusha, kwa hiyo mwenye usingizi mwepesi aje na pamba za masikio. Kupiga simu ndani ni mwiko. Mimi mrefu na nilienea.

Msee wa Eldy

Na Tokyo je? Sista alitaka kuona Tokyo.

Theluji ya Sapporo

Tufanye hesabu bila kujidanganya. 15:10 gurudumu linagusa lami. Kushuka, kutembea, alama za vidole na picha kwa uhamiaji, begi, forodha. Ukijaza zile taarifa zao mtandaoni kabla ya safari unapata msimbo wa kuskani na unaokoa muda, lakini mimi ningehesabu 16:45. Begi kwenye loka. Treni ya kasi ya Skyliner mpaka Ueno, mtaa wa Tokyo, ni dakika arobaini na kitu, nauli yen elfu mbili na mia kadhaa kwenda, na hizo hizo kurudi. Uko Ueno saa kumi na mbili jioni, giza linaingia. Una saa tatu hivi, kwa sababu treni za mwisho za kurudi Narita zinaondoka mjini mapema kuliko mtu anavyodhani. Ukizikosa, teksi ni zaidi ya yen elfu ishirini, na kuanzia saa nne usiku bei inapanda kwa asilimia ishirini. Hiyo teksi ni mtaji wa dada yako.

Saa tatu za Ueno na Asakusa si mbaya kwa kijana. Kwa mtu ambaye mwili wake unaona ni usiku wa manane wa Los Angeles, utakuwa unatembea umelala.

Mimi ningefanya hivi: jioni oga, kula, lala mapema. Utaamka tu saa tisa au kumi usiku, hutaki, mwili utakuamsha. Treni za kwanza zinaanza saa kumi na moja na kitu alfajiri. Panda treni ya Keisei mpaka mji wa Narita wenyewe, kama dakika kumi, nauli haifiki yen mia tatu. Mji wa Narita si uwanja wa ndege, ulikuwepo kabla ya ndege kwa miaka elfu moja: hekalu la Naritasan lilianzishwa mwaka 940. Kutoka stesheni unateremka barabara nyembamba ya maduka ya mbao mpaka hekaluni. Na alfajiri makasisi wana ibada ya moto, wanachoma vijiti vya maombi huku ngoma kubwa inapigwa, unaruhusiwa kuingia kukaa. Inaitwa goma.

Mtoto wa Kivu

Goma?? Miye nazaliwa Goma! Banafanya maombi ya mji wetu huko Japani na hakuna mutu alituambia?

Kijiwe Nongwa

Moto unao, volkano. Imeendana.

Mtoto wa Kivu

Kweli kabisa. Nyiragongo njo hekalu yetu.

Theluji ya Sapporo

😂 Na ile barabara ni maarufu kwa unagi, yaani mkunga wa maji baridi, anapasuliwa mbele yako, anachomwa kwa mkaa na mchuzi mtamu juu ya wali. Andaa yen elfu tatu hadi tano.

Kijiwe Nongwa

Ngoja kwanza. Mleta mada si alisema yeye mkunga? Mkunga ale mkunga? Mods mpo?

Binti Pangani

Nilijua kuna mtu atalileta hilo. 😂

Mpemba wa Ghuba

Assalaam alaykum. Nami nipo Muscat, nilipita Narita na Kansai ya Osaka. Niongeze ya upande wetu kwani hakuna alogusa.

Vyumba vya kusalia vipo, Narita, Haneda na Kansai, na mahala pa kutilia udhu. Ila sisi watu wa pwani tumezoea kuelekea kaskazini tukisali. Kule kibla ni magharibi, ukiipinda kidogo kwenda kaskazini. Miye nilisali rakaa mbili nimeuelekea mlango wa choo mpaka nikaona alama sakafuni.

Chakula mwangalie sana. Supu za tambi zao nyingi ni mafuta ya nguruwe, na hata mchuzi unaoonekana wa samaki hutiwa mvinyo wa kupikia. Miye niliishi na onigiri, lile tonge la wali limevikwa mwani, la samaki, yen mia na hamsini, mia mbili. Duka la 7-Eleven ndilo mama yako kule, na mashine yao ya pesa inapokea kadi za nje.

Na usichukue sambusa za nyama wala soseji ndani ya begi. Ukishapita forodha umeingiza nyama Japani, na hilo hawalichezei hata ikiwa ya kula njiani.

Binti Pangani

Ahsante Mpemba. Dada alitaka nimletee nyama iliyokaushwa ya Kimarekani, nimemwambia asahau.

Dawa je? Nina vidonge vya mafua na vya kukaa macho zamu za usiku.

Theluji ya Sapporo

Vya kukaa macho viache Marekani. Vichangamshi vya aina ya amfetamini ni marufuku kabisa kuingia navyo, hata uwe na cheti cha daktari. Dawa za mafua zenye pseudoephedrine kwa wingi nazo zimo kwenye orodha yao, na kodeini ina masharti. Paracetamol haina neno. Wewe ni muuguzi, soma majina ya ndani ya boksi.

Mzee wa Mizigo

Septemba ni msimu wa vimbunga, hilo lisikupite. Tarehe 4 Septemba 2018 kimbunga kilifurika uwanja wa Kansai, ule wa kisiwa cha kutengeneza pale Osaka, meli ya mafuta ikasukumwa ikagonga daraja, maelfu ya watu wakalala kisiwani. Na tiketi zako mbili hazijuani: ya kwanza ikichelewa, ya pili haikusubiri wala haikurudishii. Kwa hili tu zile saa kumi na nane zinakufaa, usizionee uchungu. Angeunganisha mtu kwa saa mbili ningemwombea dua.

Msee wa Eldy

Sista usipotea, ukifika utuambie.

Binti Pangani

Wakuu, narudi kwenye uzi wangu kama nilivyoahidi. Niko Bangkok siku ya tatu, miguu imevimba, dada ananunua kama anahama.

Viza ilitoka. Kaunta ya Los Angeles yule kaka alitaka kuona ukurasa wenyewe kwenye simu, akanigeuzia simu akasema fungua upya nione. Theluji, ungekuwa karibu ningekukumbatia, maana wa mbele yangu alikuwa na karatasi na alitolewa pembeni.

Narita nilitoka nje saa kumi na moja kasoro dakika tano jioni. Foleni ya uhamiaji ilikuwa ndefu ila inatembea. Begi: kaunta za kuhifadhi mizigo zina saa zao za kufunga na kufungua, na mimi nilitaka kulichukua alfajiri, kwa hiyo nikatumia loka. Zile kubwa zilikuwa zimejaa teminali ya 1, nikapanda basi la bure mpaka ya 2 nikapata. Chukueni noti ndogo na sarafu mapema.

Nilikuwa na nguvu za kuigiza, nikasema niende mji wa Narita jioni hiyo hiyo nikale huyo mkunga, asubuhi nirudi kwa hekalu. Nilifika saa kumi na mbili kasoro. Barabara nzima imefungwa! Watu wanafagia mbele ya milango, harufu ya mkaa bado ipo, chakula hakuna. Hakuna mliyeniambia wale wanafunga jioni mapema hivyo. Nikala tambi za ngano kwenye kibanda cha stesheni nimesimama, nikarudi.

Kapsuli nimeipenda kuliko nilivyotarajia. Saa mbili usiku nilikuwa nimeshalala, saa tisa usiku macho makavu kama alivyosema. Nikaoga taratibu, bafu zima langu peke yangu. Treni ya alfajiri ilikuwa na wafanyakazi wa uwanja wamesinzia, hakuna anayeongea, nikajikuta nami nakohoa kwa adabu.

Kuhusu goma sijui niseme nini. Nilivua viatu nikakaa nyuma kabisa. Moto ule ulipanda mpaka usawa wa kichwa cha kasisi na ile ngoma inapigwa unaisikia tumboni, si masikioni. Pembeni yangu kulikuwa na bibi kizee anapitisha mkoba wake kwa kijana wa hekalu auonyeshe kwenye moto upate baraka, kila mtu anatoa mkoba, nami nikatoa wangu. Una paspoti, tiketi ya Bangkok na orodha ya dada ya saizi za suruali. Saa moja na dakika kumi nilikuwa nimerudi uwanjani nagombana na loka.

Tokyo sikuiona. Kurudi napitia Haneda, tiketi moja safari hii.

Mtoto wa Kivu

Asante sana kwa habari. Miye nimelipa dola mia moja na makumi mbili wakanibadilishia, sasa ni Haneda kwa Haneda, begi inafika Manila. Viza nimeomba pia, kama itatoka nitaenda kuona hiyo Goma. Iko mbali na Haneda?

Theluji ya Sapporo

Ni upande ule mwingine kabisa wa Tokyo, ndugu. Kwenda na kurudi utamaliza siku. Una saa ngapi?

Mtoto wa Kivu

Nafika saa kumi, natoka saa nne.

Msee wa Eldy

Saa za nani?